Simu ibadani: izimwe mlangoni au ibaki hewani?

Sharika kadhaa hapa Moshi zinajadili kurudisha amri ya kuzima simu kabla ya ibada. Wenye uzoefu karibuni.

Mzee wa kanisa, Pasua: Izimwe kabisa. Mtetemo haufai: simu ikitetemeka juu ya benchi la mbao inasikika hadi safu ya tatu. Alamu nayo hulia hata simu ikiwa kimya. Ikilia wakati wa Meza ya Bwana, nani atarudisha ule utulivu?

Fundi wa vyombo: Shikamoo mzee. Kwenye alamu umesema kweli, ila kelele kubwa zinaanzia madhabahuni, si kwenye mabenchi. Ule mkwaruzo wa "drrr-drrr" kwenye spika unatoka kwenye simu ya mhubiri au iliyowekwa juu ya kinanda. Simu ikiwa kwenye 2G, mtandao wa kizazi cha zamani, hurusha mawimbi kwa vipande, mara 217 hivi kwa sekunde, kwa nguvu inayofika hadi wati 2. Waya unayanasa, miksa inayakuza. Kwenye 4G shida hupungua sana, lakini ndani ya kuta nene za mawe mtandao ukififia simu hushuka 2G na kuongeza nguvu. Dawa: simu ikae angalau mita 2 kutoka kwenye maiki, miksa na nyaya zake. Kinanda kipitie kiboksi cha DI (kinachotuliza sauti ya kinanda isinase kelele njiani), kisha waya wa XLR, ule wa pini tatu kama wa maiki, hadi kwenye miksa. Ule waya mrefu wa aina ya gitaa unaotoka kwenye kinanda ndio unaonasa zaidi. Au weka hali ya ndegeni, Biblia iliyopakuliwa itafunguka kama kawaida.

Mhasibu wa usharika: Hali ya ndegeni inazuia sadaka! Lipa namba inahitaji mtandao, iwe kwa programu au *150*00#.

Muuguzi: Na walio zamu ya kuitwa hospitali ya KCMC je? Tumieni "Usinisumbue": ruhusu tu namba ulizowekea nyota kwenye orodha ya majina, zima mtetemo, kaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kwenye Android nyingi kuna pia kipengele cha kumruhusu anayepiga tena ndani ya dakika 15. Kizimeni, la sivyo shangazi mwenye haraka atapenya.

Mzee wa kanisa, Pasua: Wa zamu nakubali, mwanangu, wanaokoa maisha. Sadaka hapana. Bahasha zipo, na mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka unafanyika nje baada ya ibada. Mnunuzi awashe simu hapo alipie mkungu wake wa ndizi. Ujumbe ukishuka juu ya Zaburi, jicho linaufuata, hata simu ikiwa kimya.