Naomba ushauri: natoka kwenye uigizaji wa runinga, naingia kwenye uandishi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwigizaji wa tamthilia za runinga, wa zile nafasi ndogo: daktari, wakili, jirani mbea. Watu wananijua sura, jina hawalijui. Sasa nimeanza kuandika, na kazi hii naipenda kwa dhati.

Ninayemtazama kama mfano ni mwigizaji Stephen Tobolowsky wa Marekani, aliyeonekana kwenye tamthilia za Deadwood na Glee. Alianza kusimulia visa vya maisha yake kwenye podikasti mwaka 2009, kitabu cha visa hivyo kikatoka 2012, kingine 2017. Yaani alipata wasikilizaji kwanza, ndipo vitabu vikafuata. Naona alifanya busara sana.

Kinachonikwamisha ni maelezo. Mazungumzo yananitoka vizuri maana nimezoea kuyatamka, lakini mhusika wangu anaingia mlangoni, anaongea kurasa kadhaa, na bado sijasema kama ni mchana au usiku! Kwenye tamthilia kazi hiyo hufanywa na kamera.

Mliowahi kuandika, mlijifunzaje hilo? Pia, nianze na kumbukumbu zangu au riwaya? Na mchapishaji nimpelekee mswada mzima au sura chache?