Neva ya mkono ilishonwa miezi mitatu imepita na vidole bado ganzi, kwani haikushika?

mkata_miwa
Wadau habari zenu. Niko Muhoroni huku. Nilikuwa nakata miwa panga ikateleza ikanipata mkono wa kushoto upande wa kidole cha mwisho, kama sentimita 12 juu ya pale saa inakaa. Kliniki ya kwanza walishona ngozi tu wakanipa dawa ya maumivu nikaenda zangu, wiki mbili baadaye naona kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete havisikii kitu hata ukidunga na sindano, ndio nikatumwa Kisumu, daktari akafungua tena akasema neva ilikatika kabisa, akaishona. Sasa tangu aishone ni miezi mitatu, ganzi iko palepale na hivyo vidole viwili vimeanza kujikunja kama mguu wa kuku. Kama waya imeunganishwa si stima inafaa kurudi? Halafu kuna kingine cha ajabu, nikigongagonga mkono chini ya kovu nasikia shoti inakimbia mpaka kwa kidole chenyewe kile hakisikii. Hiyo nayo ni nini jameni.

nyar_ahero
Pole sana omera. Huku Ahero kuna mama anakanda na maji moto na majani, binamu yangu mkono ulikuwa umekufa hivyo hivyo akapona kwa wiki tatu.

fizio_wa_ziwani
Dada maji moto hapana tafadhali!! Kidole hakisikii, atababuka ngozi na hata hatajua. Na wewe mkata miwa chunga sufuria na jiko, nimeona watu wakiungua hivyo mara nyingi kuliko unavyodhani. Binamu yako pengine neva ilibanwa ama iligongwa tu bila kukatika, hiyo hurudi yenyewe hata bila majani.

Shida iko kwa huo mfano wa waya. Tuchukue miwa maana ndio kazi yako. Ukishakata mua huwezi kuurudisha kwa shina ushikane, hata uufunge na kamba utakauka tu, lakini shina lenye mizizi litachipua upya. Neva ni maelfu ya nyuzi nyembamba zinaitwa aksoni, kila aksoni ni kama mkono mrefu wa seli moja, na hiyo seli haiko mkononi kwako, iko huko chini ya shingo, zile za kusukuma misuli ziko ndani ya uti wa mgongo na zile za kuhisi ziko kando yake tu. Panga ilipopita, yote yaliyokuwa kutoka kovu kwenda kidoleni yalitengwa na mizizi yake, na ndani ya siku chache yakaanza kukatikakatika. Hata daktari angeshona siku hiyo hiyo bado yangekufa. Mtu anaitwa Augustus Waller aliliona jambo hili mwaka 1850 akikata neva za ulimi wa chura.

Alichoshona daktari ni ganda la nje, ili mfereji ukae sawa na machipukizi yapate njia. Yanatembea kama milimita moja kwa siku. Moja tu!

bio_maseno
Niongezee kidogo maana hapa ndio patamu. Ule mkono wa aksoni haufi kwa njaa tu, unajiua. Kuna protini inaitwa SARM1, aksoni ikikatwa inawashwa na kuanza kula NAD, kile kitu aksoni inatumia kupata nguvu, basi ndani ya siku chache imevunjika vipande. Seli za Schwann ambazo kazi yake ilikuwa kuizungushia mafuta zinaacha hiyo kazi, zinakula takataka pamoja na seli za kinga, kisha zinajipanga mstari kama matuta shambani na kutoa vitu vya kuita chipukizi lije.

Huko juu nako seli inapata habari, ishara zinabebwa kurudi kutoka kwa jeraha, inavimba, kiini chake kinasukumwa pembeni, na inabadilisha jeni inazotumia, inaacha kazi ya kutuma ujumbe inaanza kazi ya kujenga. Ncha ya aksoni inakuwa kama kiganja kidogo kinachopapasa njia, mtafiti Ramón y Cajal ndiye alieleza hiyo ncha mwaka 1890.

Shoti unayosikia ni hizo ncha. Bado ziko uchi hazina mafuta, ukizigonga zinafyatuka, na ubongo unajua tu kwamba hiyo ni laini ya kidole cha mwisho. Ni kama ukigonga kisukusuku kwa kona ya meza, neva ni ile ile.

baba_tito_naka
Swali wakuu, shemeji yangu hapa Nakuru alianguka na boda akaumia uti wa mgongo, sisi tuliambiwa hiyo hairudi. Si hiyo pia ni neva?

bio_maseno
Pole kwa shemeji mzee. Huko mtaa ni mwingine. Uti wa mgongo hauna seli za Schwann za kutengeneza njia, una aina nyingine ambayo mafuta yake yana protini za kuzuia kuota, inayojulikana zaidi ni Nogo, usafi unaenda polepole sana na kovu linafunga barabara. Kumbe aksoni zenyewe uwezo zinao: mwaka 1981 watafiti David na Aguayo kule Montreal walipandikiza kwa panya kipande cha neva ya mguu kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo, na aksoni za ndani zikaota humo kama sentimita 3. Zikifika mwisho wa hicho kipande na kuingia tena mtaa wao, zinasimama. Kwa binadamu bado hakuna dawa ya hiyo, asije mtu akawauzia.

fizio_wa_ziwani
@mkata_miwa chukua biro, gonga ukianza chini ukipanda juu, pale shoti inaanza weka alama, upime kutoka kwa kovu. Rudia kila mwezi. Na uitishe splinti ya kuzuia hivyo vidole kukunjamana, uvinyooshe kila siku na mkono wa pili, kwa sababu msuli ukikaa mwaka na nusu bila neva ni ngumu kuupata tena, na kiungo kilichoganda hakitasaidika hata neva ikifika.

mkata_miwa
Nimepima saa hii na rula ya mtoto. Sentimita 6 na nusu. Mwezi wa kwanza baada ya kushonwa nakumbuka shoti ilikuwa palepale kwa kovu, nikifikiri ni uzi umeachwa ndani. Kutoka kovu mpaka ncha ya kidole ni 31. Sasa hiyo splinti naitisha kwa daktari ama kwenu watu wa fizio?

fizio_wa_ziwani
Kwetu. Na uje na hiyo rula.