Kovu la shingoni: mgonjwa aulizwe, au daktari aamue?

Naomba tujadili hili. Mtu mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, aulizwe kabla ya kupasuliwa angependa mkato upite wapi, au hilo ni la daktari peke yake?

Mimi nasema aulizwe. Nilipasuliwa miaka sita iliyopita kwa njia ya kawaida, mkato chini ya koo. Uvimbe ulitoka salama na sauti sikupoteza. Lakini kovu likaota keloidi nene kama kamba, usiku linawasha, na kwenye daladala nimeshaulizwa nani alitaka kunichinja. Anayesema kovu ni mambo ya urembo tu hajaulizwa swali hilo mbele ya mwanawe.

Njia nyingine zipo. Korea Kusini walianza mwaka 2007 kupitia kwapani kwa roboti. Thailand, Dkt. Angkoon Anuwong alichapisha mwaka 2016 habari za wagonjwa 60 aliowapasua kwa kupitia ndani ya mdomo wa chini: vitundu vitatu, ngozi ya shingo haikatwi.

Jibu: Pole sana dada. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na hapa napingana nawe. Wakorea wengi walikuwa na vivimbe vidogo vilivyoonekana kwenye ultrasaundi. Kwetu mtu anakuja na rovu la miaka kumi na tano, kubwa kama embe dodo, limeshasukuma koo upande. Hilo halitolewi mdomoni. Njia hiyo inaweza pia kuacha ganzi kidevuni, na neva ya sauti iko hatarini kwa njia zote mbili. Daktari mpasuaji Kocher wa Uswisi, aliyepata Nobel mwaka 1909 kwa kazi ya tezi hii, alipunguza sana vifo kwa kufungua shingo taratibu na kufunga kila mshipa akiuona. Mimi nachagua usalama.

Mwanzisha mada: Asante kaka. Kwa rovu kubwa nakubali kabisa, shingo ifunguliwe. Langu lilikuwa la sentimita tatu. Wala sidai kila hospitali inunue roboti. Nadai kuambiwa kwamba ngozi nyeusi huota keloidi kwa urahisi zaidi, na kwamba kuna sindano za kulituliza kovu likianza kuvimba. Mama yangu ana keloidi masikioni tangu alipotogwa, na alikuwa amekaa pembeni yangu siku ninasaini fomu. Hakuna aliyemuuliza.