Babu anataka kusalimia shamba lake, getini niseme nini?

Wakuu, naombeni ushauri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973. Babu yangu akasubiri, akasubiri, akachoka. Akauza shamba lake la Mtumba, hapo hapo Dodoma, kwa ng'ombe wawili na baiskeli (baiskeli ilishakufa, kengele tunayo, bado inalia vizuri tu). 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli. Leo pale alipokuwa analima uwele kuna wizara, na mimi mjukuu napeleka barua hapo, nakaguliwa mkoba kama mgeni. Sasa mzee kaninunia wiki nzima, anataka nimpeleke akalisalimie shamba lake. Daftari la wageni lina sehemu ya "unamwona nani". Niandike nini? Kitambulisho cha taifa anacho, miadi ndiyo hana.