Antena ya VHF kwenye gari lenye hema la paani: niifunge wapi, na kebo gani?

Vumbi_Jekundu
Wakuu, naombeni ushauri. Gari ni la bodi ya chuma, juu lina keria na hema lenye ganda la aluminiamu. Redio ni VHF ya wati 50, tunatumia kati ya 148 na 152 MHz, leseni ipo. Antena ni ya sm 120, imefungwa kwenye bampa la mbele. Kebo ni RG-58 ya mita 5, iliyozidi imezungushwa chini ya kiti. SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndiyo bora) inasoma 2.6. Wenzangu nawasikia vizuri, wao wananipata kwa kukatikakatika, hasa wakiwa nyuma yangu. Nibadilishe antena, kebo au mahali? Nimeshauriwa kebo nene ya LMR-400.

Fundi_Masafa
Mahali kwanza, mkuu. Antena ya urefu huo (5/8 ya urefu wa wimbi la redio) inahitaji bamba pana la chuma chini yake, ndilo linaloikamilisha. Bampa halina upana huo, na mara nyingi rangi na kutu vinalitenga na bodi. Juu ya hapo, kabini nzima na hema vinakinga mawimbi upande wa nyuma, ndiyo maana walio nyuma hawakupati.

SWR ya 2.6 ina maana karibu 20% ya nguvu inarudi kwenye redio. Hasara yenyewe si kubwa hivyo, ila redio nyingi zikiona zaidi ya 2 zinajipunguzia nguvu ili zisiungue. Kusikia hakuguswi na hilo, kurusha kunaguswa.

Paa limeshachukuliwa na hema, kwa hiyo chukua antena ya nusu ya wimbi, takriban mita 1, isiyotegemea bamba la chuma. Ifunge kwenye mkono wa chuma ubavuni mwa keria, kitako chake kilingane na mgongo wa hema.

Tawi_Chini
Naongeza: ubavuni matawi yataigonga. Weka springi na kitako cha kulaza, uilaze kabla ya kuingia kichakani au kufungua hema. Usirushe ikiwa imelala juu ya aluminiamu, SWR inapanda ghafla.

Vumbi_Jekundu
Na boneti je? Ni rahisi kufikia.

Fundi_Masafa
Inawezekana, lakini kwa robo ya wimbi (sm 48 hivi kwa 150 MHz) ncha itabaki chini ya paa na tatizo la nyuma litabaki palepale. Ukilazimika, weka ileile ya mita 1, na unganisha boneti na bodi kwa mkanda wa waya wa kusuka. Bawaba zina rangi na grisi, usizitegemee kupitisha umeme.

Koaksia
Kuhusu kebo, LMR-400 achana nayo. Ina unene wa mm 10, haipiti kwenye raba ya mlango bila kupondwa, na kiini chake (waya wa katikati) kigumu hakipendi kukunjwakunjwa. RG-58 ya mita 5 inakula takriban desibeli 1 kwa masafa yako, yaani wati 50 zinafika kama 40. LMR-240 inakula kama nusu ya hapo. Mimi ningebaki na RG-58 nzuri yenye kiini cha nyuzi nyingi, nikakata iliyozidi. Ingekuwa UHF (masafa ya juu zaidi, kebo inakula zaidi), ningesema badilisha.

Ingiza kebo mlango wa nyuma, upande wa bawaba. Kabla ya pale inapoingia iache ining'inie kidogo chini yake, ili maji yadondoke yasifuate kebo ndani. Konekta ya nje izungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta. Maji yakiingia, wavu wa shaba unaozunguka kiini unageuka mweusi na kebo hiyo haiponi, itupe. Kwenye nguzo za kabini, pita nyuma ya mfuko wa hewa, kamwe si mbele yake.

Pima_Kwanza
Kabla ya kurusha, chomoa kebo pande zote mbili uipime kwa mita: kiini na wavu visigusane. Usipime antena ikiwa imeunganishwa, nyingi za nusu ya wimbi zina koili kitakoni na mita itaonyesha shoti ambayo si kosa.

Kisha nenda mahali pa wazi, hema na milango vimefungwa, redio kwenye nguvu ndogo. Pima 148, 150 na 152. SWR ikiwa ndogo kwa 148 na kubwa kwa 152, antena ni ndefu: kata mm 3, pima tena. Ikiwa kinyume chake, ni fupi, ivute itoke kitakoni kama inaruhusu. Chini ya 1.5 kote, acha. Ikiwa kubwa kote na kukata hakuibadilishi, weka koleo chini, tatizo liko kwenye konekta au kitako.

Umeme nao uchukue moja kwa moja kwenye betri, waya wa mm² 4, fyuzi ya 15 A karibu kabisa na betri. Waya mwembamba unashusha volti ukibonyeza kurusha, na hapo sauti inakatika vilevile.