Naomba ushauri: kumdhamini ndugu wa kanisani kwenye mkopo wa SACCOS

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ndugu mmoja tunayesali naye jumuiya ameniomba nimdhamini mkopo wa SACCOS ili apanue duka lake, na fomu ninayo, imebaki sahihi tu. Utaratibu unajulikana: akishindwa kulipa, akiba za wadhamini ndizo zitakazokatwa, na akiba yangu kwa sasa ndiyo ada ya watoto ya Januari.

Mithali 6:1-5 inamwambia aliyejifunga kwa udhamini asiyape macho yake usingizi mpaka ajinasue, na 22:27 inauliza kwa nini mtu aondolewe hata kitanda anacholalia. Kwa hayo ningekataa bila kusita. Lakini katika Filemoni 18-19 Paulo, ambaye aliyajua maandiko hayo kuliko mimi, anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba analodaiwa Onesimo, mtumwa wa Filemoni, atalilipa yeye, naye wakati huo alikuwa kifungoni, wala si mtu wa kipato. Pengine tofauti ni kwamba Paulo alijitolea mwenyewe, tena kwa mambo yaliyokwisha kupita, ilhali mimi naombwa kubeba deni la kesho.

Naomba wazee wa kanisa na waliowahi kudhamini mnishauri: mnayasomaje maandiko haya kwa pamoja? Je, nikimpa kiasi kidogo nisichokidai, kwa roho ya Luka 6:35, badala ya kutia sahihi, huo ni utii au ni kukwepa? Anatarajia jibu langu Jumapili baada ya ibada.