Tupeane uzoefu: maandalizi ya kwenda kusoma nje yaliwatoa jasho wapi?

Mama Nuru:
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu kapata nafasi ya uzamili Ujerumani, anatakiwa awe kule mwanzoni mwa Oktoba. Furaha ilikuwa ya siku ile ya barua tu. Toka hapo ni makaratasi: leo benki, kesho RITA kwenye vyeti vya kuzaliwa, keshokutwa chuo wanataka sijui fomu gani. Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mliopita njia hii, au mliosomesha watoto nje, naomba mseme palipowakaba. Sitaki orodha ya nyaraka, hiyo ubalozini ipo. Nataka yale ambayo hayaandikwi.

Mpogoro wa Leipzig:
Shikamoo mama, na hongera kwa binti. Ujerumani mlima ni mmoja, Sperrkonto. Ni akaunti unayoweka pesa ya kuishi mwaka mzima, yuro 11,904, halafu ukishafika wanakuachia yuro 992 kwa mwezi, zaidi ya hapo hupati hata uwe na shida gani. Kabla ya Septemba 2024 ilikuwa 11,208, kwa hiyo angalieni kiwango cha siku mnayoomba, msitumie cha jirani aliyekwenda mwaka juzi. Ada kwenye vyuo vingi vya serikali hakuna, ila lipo jimbo la Baden-Württemberg ambako sisi wa nje ya Ulaya tunatozwa yuro 1,500 kwa muhula toka 2017. Hapo ndipo wazee wanapotulia. Wanasikia "bure", wanakaa, halafu zinakuja hizo elfu kumi na moja.

Sisi kwetu ni Ifakara. Mzee aliuza mpunga wa ghala zima mwezi wa sita, wakati kila mtu anavuna na bei iko chini kabisa, kwa sababu tarehe ya ubalozi haikungoja. Ilipofika Desemba gunia lilikuwa bei nyingine, na sisi ghala tupu. Mpaka leo nikipiga simu nyumbani msimu wa mavuno roho inaniuma. Kama mna kiwanja au ng'ombe wa kuuza, uzeni mapema, mkiwa bado na nguvu ya kukataa bei.

Kaka Tegeta:
Kweli tupu. Pesa kwanza, mengine yanafuata.

Zuhura Magomeni:
Pesa kuwepo ni jambo moja, pesa kutulia ni jingine. Uingereza wanataka fungu lao likae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ikishuka, hesabu inaanza upya. Ndugu walinichangia, ikaundwa kamati kama ya harusi, mwenyekiti mjomba, mweka hazina shangazi. Pesa ikatimia, tukashusha pumzi. Mara benki ikakata makato yake ya mwezi na shilingi nayo ikateleza mbele ya pauni, salio likawa chini kwa kitu kidogo ambacho mtu angekitoa mfukoni kama angejua. Mjomba alikwenda kugomba kaunta mpaka meneja akatoka ofisini. Haikusaidia, taarifa ya benki ilishaandika. Tukaanza kuhesabu siku upya huku chuo kinaniuliza niko wapi.

Na pale kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, inalipwa kabla hata viza haijatoka. Wengi inawakuta hawakuiweka kwenye bajeti. Mama Nuru, hata kama ni Ujerumani, usiweke kiasi kamili. Weka na cha kuliwa na makato.

Bakari wa Mvita:
Mimi niko Mombasa, nawasoma. Wenzangu mnaogopa benki, mimi naogopa mawakala. Wote tuliona mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu wakiandamana Eldoret kudai pesa walizotoa watoto waende Finland na Canada. Watu waliuza mashamba. Mwanangu alipotaka kwenda Uturuki alikuja mtu nyumbani na mkoba, anataka alipwe "fomu ya serikali". Nikamwambia mwanangu afungue mwenyewe tovuti ya Türkiye Bursları, ule ufadhili wa serikali ya Uturuki. Maombi ni bure, na kwa kawaida dirisha huwa Januari 10 hadi Februari 20. Yule bwana alikuwa anauza kitu cha bure, tena mwezi wa nne, dirisha limeshafungwa.

Wakala Halali Mwenge:
Kaka Bakari usituchafue sote. Mimi nina ofisi, nina leseni, nimepeleka watoto India na Malaysia na wamehitimu. Mzazi wa Nachingwea hajui hata kufungua barua pepe, nani atamsaidia?

Bakari wa Mvita:
Msaidie, lakini mwambie ukweli kwamba chuo nacho kinakulipa kamisheni. Ukimpeleka chuo kinachokulipa vizuri badala ya chuo kinachomfaa, huo si msaada.

Wakala Halali Mwenge:
Kamisheni si dhambi. Hata dalali wa nyumba analipwa.

Kaka Tegeta:
Na dalali wa nyumba naye tunamjua.

Binti Songea:
Nilikuwa nasoma tu, ila Mama Nuru alipotaja RITA nimeshindwa kunyamaza.

Nilipata ufadhili wa uzamili, wanalipa wao mpaka nauli na bima. Nilibakiza pasipoti. Wanaoijua fomu ya Uhamiaji wanajua, hawataki cheti chako cha kuzaliwa peke yake, wanataka na cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake. Mimi hata changu sikuwa nacho. Chuo nilisomeshwa na baba, mkopo wa serikali sikuomba, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunidai. Nikampigia baba Songea nikamwomba kadi yangu ya ubatizo na cheti chake. Akasema atatuma. Kimya. Nikapiga tena, akasema mwenye mashine ya kuskani kasafiri. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa saa na daftari, visingizio si vyake. Nilipong'ang'ania akampa mama simu. Mama akasema, "Njoo nyumbani. Haya hayasemwi kwenye simu."

Nikapanda basi la alfajiri nikafika usiku. Hakuna aliyeniuliza habari za safari. Mama alivuta sanduku la bati uvunguni, akatoa vitenge, chini kabisa kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake kadi yangu ya kliniki, uzito umeandikwa mwezi kwa mwezi kwa kalamu ya bluu, na kadi ya ubatizo ya Peramiho. Palipoandikwa jina la baba palikuwa na jina la marehemu baba mkubwa.

Baba mkubwa huyo nilikulia kwenye habari zake tu, kijana aliyekwenda Mererani kutafuta tanzanaiti asirudi. Kumbe alikufa kwenye yale mafuriko ya migodi ya mwaka 1998, mama akiwa na mimba yangu, na mwili haukupatikana. Ukoo ukakaa. Mdogo wake ndiye aliyesema, "Mtoto ni wa kwangu na mama yake ni wa kwangu." Akamwoa mama, akaniandikisha shule kwa jina lake. Mtu ninayemwita baba ni baba mdogo.

Sasa muone makaratasi. Kadi ya ubatizo inasema hivi, vyeti vyote vya mitihani vya NECTA vinasema vile. Mzazi hana cheti cha kuzaliwa, na hana cheti cha kifo kwa kuwa hakukuwa na maiti ya kuzika. Tukaenda kwa wakili. Baba akaapa kwamba marehemu kaka yake alizaliwa wapi na lini, na mimi ni mtoto wa nani. Mkono ulikuwa unatetemeka akisaini. Wakili akamuuliza, "Na wewe ni nani kwake?" Akajibu, "Baba yake." Wakili akaandika "baba mdogo". Baba akaliangalia lile neno muda mrefu, kisha akarudisha kalamu.

Cheti nilipata, hati ya kiapo ya majina nilipata, na pasipoti ikatoka, lakini muhula ulishaanza. Niliwaandikia wafadhili nikaeleza yote, wakanisogeza muhula unaofuata. Mama Nuru, vyeti vya kuzaliwa vya wazazi vitafutwe sasa, hata kwa watoto walioko kidato cha pili. Msingoje barua ya chuo.

Zuhura Magomeni:
Dada, nimelia kwenye daladala.

Mzee Kigamboni:
Pole sana binti. Ila mimi nasema wazi, mama alikosea. Mtoto anaambiwa akiwa na miaka kumi, anakua nalo. Kuambiwa mtu mzima kwa ajili ya pasipoti ni kumvunja.

Mama wa Mbinga:
Mzee Kigamboni, wewe hujui mjane mwenye mimba anavyoonwa kijijini. Huyo mama alipata mume, mtoto akapata baba, ukoo ukanyamaza kwa heshima. Ungetaka atangaze?

Mzee Kigamboni:
Sikusema atangaze. Nimesema amwambie mwanawe.

Mama wa Mbinga:
Na huyo baba aliyelea je? Naye angekuwa tayari siku gani? Msikate kesi ya nyumba ambayo hamkulala.

Bi Mkubwa wa Mkunazini:
Pole mwanangu. Kwetu Unguja ubini haubadilishwi, mtoto huitwa kwa baba aliyemzaa hata alelewe na nani, na Kurani imeamrisha hivyo. Ingekuwa kwetu hili lingejulikana tokea hujaanza chuo cha Kurani. Lakini mzee huyo ana daraja yake mbele ya Mungu, usimpunguzie hata chembe.

Binti Songea:
Ahsante bibi. Sisi ni Wakatoliki, ila nimekuelewa. Sijampunguzia. Kila Jumapili nampigia yeye kwanza, ndipo mama.

Kaka Tegeta:
Ndugu zake Mererani hakuna aliyejitokeza? Kuna watu walikuwa naye shimoni, wanaweza kuwa hai. Mimi ningekwenda.

Binti Songea:
Kaka, hilo nalifikiria. Nikimaliza masomo kwanza.

Fundi Kompyuta Morogoro:
Jamani Mama Nuru keshasahaulika, na Oktoba inakuja.

Mwana wa Wuhan:
Nirudishe mada. China, ile fomu ya JW ya kuombea viza ya masomo, barua ya chuo na karatasi za vipimo vya afya beba mkononi, zote halisi, usiweke kopi tu. Begi langu kubwa lilibaki tulikobadilishia ndege, nikafika na nguo nilizovaa. Lakini mkoba wa makaratasi ulikuwa kifuani, kwa hiyo kwenye zile siku 30 za kuomba kibali cha kuishi sikuchelewa. Nguo zinanunulika, JW hainunuliki. Na kama atapita nchi inayodai homa ya manjano, achanje angalau siku 10 kabla ya safari, kadi haihesabiki kabla ya hapo. Akichanja mara moja inatosha maisha.

Shangazi Karume:
Koti la baridi asinunue Ulaya, ni ghali. Aje Mchikichini asubuhi marobota yanapofunguliwa, anapata koti zito la huko huko kwa bei ya soda.

Mpogoro wa Leipzig:
Shangazi shikamoo, mimi napinga. Koti linakula kilo za begi, na kilo anazopewa ni za kuhesabu. Kule kuna maduka ya mitumba pia. Aende na sweta mbili na soksi nzito, koti atanunua akishaiona baridi yenyewe. Kilo abebe unga na dagaa.

Shangazi Karume:
Atoke uwanja wa ndege na sweta mwezi wa kumi? Mwacheni mtoto wa watu.

Zuhura Magomeni:
Dagaa si watanyang'anywa?

Mpogoro wa Leipzig:
Nchi za Umoja wa Ulaya wanakataza nyama na maziwa, hata nyama kavu, hata jibini la bibi. Samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa mpaka kilo 20. Afunge vizuri na akiulizwa aseme ukweli kwamba ni samaki. Na mwambieni kazi zipo, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, ila asiingie kwa kutegemea hizo mwezi wa kwanza. Atahitaji anwani, benki na namba ya kodi kwanza, na nyumba ndiyo ngumu kuliko viza. Aombe bweni leo, asingoje kufika.

Mama Nuru:
Nimesoma yote, Mungu awalipe. Binti Songea, mwanangu, nimekuombea wewe na wazee wote wawili. Nimekwenda kabatini sasa hivi baada ya kukusoma. Pasipoti ya Nuru imeandikwa "Ally", cheti cha kidato cha nne na cha chuo ni "Ali". Miaka yote sikuona. Nibadilishe kipi?

Fundi Kompyuta Morogoro:
Mama, vyeti vya shule usiviguse, ni vingi na vimeshakwenda chuoni Ujerumani. Angalia kwanza NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa, wameandikaje na cheti cha kuzaliwa kinasemaje. Kama viwili hivyo ni "Ali", basi pasipoti ndiyo irekebishwe, na uwe na 150,000 ya mpya pembeni.

Binti Songea:
Na wakati mnangoja, mkaape kwa wakili kwamba Ally na Ali ni mtu mmoja. Toeni nakala tatu halisi zenye mhuri, moja ya ubalozi, moja ya chuo, moja abaki nayo. Nendeni Jumatatu, msingoje.

Mama Nuru:
Cheti cha kuzaliwa ni "Ali". NIDA ndiyo "Ally".

Fundi Kompyuta Morogoro:
Basi anza NIDA, mama. Pasipoti itafuata.